Zulia Jeupe la Shorum Kuu

Duniani hapa haijatokea nchi inayomheshimu mteja kama nchi ile. Nasema kwa kifua, na atakayebisha alete nchi yake tushindanishe. Jina lake silitaji, maana nchi yenyewe ina mkono mrefu na mimi nina shingo fupi. Ila ukisafiri, ukaliona bango kubwa limeandikwa MTEJA NI MFALME, na chini ya bango amesimama askari na kirungu, basi teremka, umefika.

Heshima hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Ililetwa na Waziri wa Heshima. Huyu bwana zamani, kabla mashavu hayajamjaa, aliingia dukani kununua redio, na muuzaji akaendelea kuchokonoa meno kana kwamba aliyeingia ni upepo. Kidonda kile hakikupona. Alipopata uwaziri, jambo la kwanza alipanda jukwaani akapiga meza, ingawa jukwaani hapakuwa na meza, ikabidi iletwe.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kuanzia leo, katika nchi hii tukufu, ni marufuku, narudia, ni marufuku mteja kudharauliwa!"

Wananchi walishangilia hadi kofia zikapotea. Wataalamu wakaitwa, wakajifungia hotelini wakila posho na kuku, wakatumwa nchi za nje kujifunza heshima, wakarudi na masanduku. Ripoti yao ilikuwa ya kusikitisha. Walisema dharau haiondoki. Ndiyo bidhaa pekee ambayo nchi inaizalisha yenyewe, kwa wingi, bila kuagiza vipuri. Lakini wataalamu hawakosi dawa. Wakaandika: kwa kuwa hatuwezi kumzuia muuzaji asidharau, basi tumzuie anayedharaulika asiitwe mteja.

Waziri alilia kwa furaha. Na tangu siku hiyo, wallahi, hakuna mteja hata mmoja aliyedharauliwa katika nchi ile.

*

Mahali sheria hiyo iling'aa kuliko pote ni Shorum Kuu ya Taifa, yanakouzwa magari. Jengo lote vioo. Ndani baridi ya mashine, magari yamepangwa yanameta kama mabibi harusi, na kutoka mlangoni hadi yalipo magari limetandikwa zulia jeupe, jeupe kweli, la kumfanya mtu aone aibu kuwa na miguu.

Mwanzoni mwa zulia alisimama Mkadiriaji. Kazi yake ilikuwa kumtazama anayeingia na kutamka yeye ni nani kabla hajaufikisha mguu wa pili kwenye zulia. Kulikuwa na Mteja: huyu alipewa kiti, juisi na ufunguo. Kulikuwa na Mtazamaji, aliyeruhusiwa kuyaangalia magari nyuma ya kamba bila kuyapumulia. Waliobaki wote waliitwa Wapita-njia, na hao walielekezwa stendi ya mabasi ilipo, kwa upole, maana nchi ile ina adabu.

Wakadiriaji walisomea. Walifundishwa kutazama kiatu, kisha kitambi, kisha saa. Walifundishwa kwamba mtu anayeuliza bei hana pesa, kwa sababu mwenye pesa bei haimhusu. Walifundishwa pia kwamba mtu aliyekuja na pesa taslimu ndiye maskini kuliko wote, kwa sababu tajiri wa kweli huja na ahadi. Na kweli, waheshimiwa walikuwa wakichukua magari kwa ahadi, na ahadi zao zilitunzwa vizuri sana, hakuna iliyowahi kuguswa.

Halafu kulikuwa na Waraka wa Salamu. Sisi wengine tulilelewa kwamba shikamoo inafuata umri: mdogo anamwamkia mkubwa, basi. Nchi ile iliona huo ni ushamba. Shikamoo ikafuata daraja. Mpita-njia, hata awe na mvi mpaka kwenye kope, alitakiwa kumwamkia Mkadiriaji, hata huyo Mkadiriaji awe amebalehe jana. Wazee waliguna. Wakajibiwa kwamba kuguna si salamu.

*

Miongoni mwa Wakadiriaji hakuna aliyekuwa na jicho kama Desderi. Kijana mwembamba, suruali imenyooka, kidato cha nne alimaliza kwa shida lakini viatu alivisoma kama msahafu. Akiona kisigino kimelika upande, anajua huyu anatembea. Akiona soli safi, anajua huyu hubebwa. Wenzake walimwita Bwana Dezi, na hata Mkadiriaji Mkuu, Bwana Kandoro, mtu ambaye hakuwahi kumsifu mtu isipokuwa anayenyoa ndevu zake, alisema, "Huyu kijana ataona hata kiatu ambacho hujakivaa bado."

Jicho lake lilipimwa siku alipoingia bwana mmoja mnene, kiatu kinang'aa, saa kama sahani. Desderi akatamka papo hapo, "Mteja!" Bwana akanywa juisi, akachukua ufunguo wa gari jeusi, akasema anakwenda kulijaribu. Hakurudi. Jioni ikaokotwa nje ya geti foronya na mto wake. Hicho ndicho kilichokuwa kitambi chake. Watu wakaanza kunong'ona neno wizi. Bwana Kandoro akawakaripia.

"Mwizi ni Mpita-njia. Huyu amekadiriwa Mteja. Kwa hiyo bado analijaribu."

Mpaka leo analijaribu. Na Desderi akaongezewa nyota begani kwa kumtambua.

Sasa, Desderi alikuwa na jambo moja lililomkosesha usingizi. Sheria ilisema damu haigawanyiki: Mkadiriaji ambaye mzazi wake ni Mpita-njia, naye ni Mpita-njia, avuliwe tai atoke. Alipoulizwa siku ya kuajiriwa mama yake yuko wapi, alijibu, "Yuko ng'ambo." Waliandika ng'ambo, wakapiga makofi. Hawakuuliza ng'ambo ya nini. Ilikuwa ng'ambo ya mto, kisha unapanda mlima, kisha unauliza.

Huko ndiko alikokuwa mama yake, Ma Kemilembe, na kaburi la dada yake, Adelina. Adelina alishikwa na uchungu wa kuzaa msimu wa mvua. Walimlaza kwenye machela, wanaume wakapokezana mabegani kuuteremka mlima kuelekea hospitali, na Desderi alishika mguu mmoja wa machela ile. Walipofika mtoni hapakuwa na sababu ya kuvuka tena. Desderi alikuwa kijana wa shule wakati huo. Alisema mbele ya watu wote, "Nikipata kazi mjini nitaleta gari." Watu wazima waliitikia amina, kama watu wazima wanavyoitikia maneno ya mtoto aliyefiwa.

Ma Kemilembe peke yake ndiye aliyeyachukua kwa uzito.

*

Alikwenda nyumba hadi nyumba. Wanawake wa mlimani waliuza kahawa, waliuza ndizi, waliuza senene, wale panzi wa kukaanga, msimu ulipofika, na kila walichopata walimpa yeye akafunga ndani ya khanga. Habari zilikuwa zimefika kwamba Desderi anafanya kazi mahali magari yanakokaa. Nani atahangaika na madalali, na mtoto wetu mwenyewe amesimama mlangoni?

Wakamchagua Ma Kemilembe aende, na Koku amsindikize. Koku alikuwa mke wa jirani, msichana tu bado, mwenye mimba changa na mdomo usio na breki.

Getini askari aliwazuia kwa kirungu. "Bibi, soko liko kule."

"Nimekuja kununua gari."

"Gari la maboksi au la mti?"

"We kaka, usitucheke," Koku akadakia. "Mwanawe ni mkubwa humo ndani."

"Kila bibi ana mwana mkubwa humu ndani," askari akasema huku akijikuna. Lakini jua lilikuwa kali na yeye alikuwa mvivu wa kubishana. "Haya, nendeni mkaambiwe wenyewe."

Ndani, Desderi alikuwa zamu. Kama alivyofundishwa, hakutazama uso, alitazama chini. Kikaingia kwenye zulia jeupe kiatu ambacho Shorum Kuu haikuwahi kukiona: makatambuga, ndara zilizokatwa kwenye tairi la gari, na tope la safari. Mdomo wake ukafunguka wenyewe kwa mazoea, "Mpita-nj..."

Ukasita. Kidole gumba cha mguu ule kilipinda upande, kilipindishwa na jembe zamani. Kisigino kilikuwa na ufa. Desderi alikuwa ameupaka mafuta ufa ule kwa mikono yake, usiku mwingi, alipokuwa mtoto. Akapanda na macho polepole, khanga, kiuno, shingo, akimwomba Mungu uso usiwe ule.

Uso ulikuwa uleule. Ulikuwa unacheka.

"De..." alianza Ma Kemilembe, mikono imeshanyanyuka.

"Bwana Dezi!" Bwana Kandoro alikuwa ameinuka kitini. "Mbona umeganda? Mnafahamiana?"

Wauzaji wote wakageuka. Mashine ya baridi ilikuwa inavuma, na bado jasho lilikuwa linamtoka Desderi kwenye paji la uso, likateremka hadi kwenye tai. Mama mtu alilitazama jasho lile. Akaitazama nyota begani. Akamtazama yule bosi aliyeinuka kitini, anayesubiri jibu. Watu husema mtoto ndiye asomaye moyo wa mama, lakini waliosema hivyo walikuwa watoto.

Kicheko kikamtoka usoni, si ghafla. Alikiondoa kama mtu anavyoondoa chombo mezani. Akashusha mikono. Kisha akapiga magoti kidogo, kama wanavyoamkia wanawake wa kwao, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo, baba," akamwambia mwanawe.

Koku alishika mdomo.

Ni neno dogo lililobaki, jepesi, wakubwa hulisema huku wakila embe. Desderi alilitafuta. Alilipata.

"Marahaba," akasema.

Bwana Kandoro akaketi, ameridhika. Waraka umefuatwa.

"Una shida gani?" Desderi aliuliza, kwa sauti ya kazini.

"Nilitaka kuuliza lile jeupe pale, baba. Kama mtu anaweza kulala ndani yake."

"Kulala!" Bwana Kandoro alicheka hadi kiti kikalia. "Bibi, hili gari, si gesti."

"Mgonjwa, mheshimiwa. Au mzazi. Kwetu kuna mlima." Alimjibu Kandoro lakini hakumtazama. "Mlima mbaya. Tumepoteza watu pale. Bei yake ni..."

Aliuliza bei. Wauzaji wakatazamana wakitabasamu, maana kesi ilikuwa imejifunga yenyewe. Yeye akadhani hawamwamini, akafungua pindo la khanga awaonyeshe. Harufu ya senene ikaenea mle ndani.

"Pesa taslimu!" Bwana Kandoro akaruka nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Funga! Funga, bibi, kuna wateja hapa! Bwana Dezi, tamka tumalize."

Desderi alitamka. Alisema, "Mpita-njia." Halafu, kwa kuwa utaratibu ulimtaka aelekeze, akaongeza, "Stendi iko kushoto, mama. Unapita nyuma ya kituo cha mafuta."

Kila mwanamke mzima katika nchi ile huitwa mama, na wauza nyanya huitwa mama. Lakini Ma Kemilembe aliliokota neno lile. Lilimfika.

"Asante, baba. Mungu akukuze."

Akageuka kuondoka, akaona alama ya tope aliyoiacha kwenye zulia. Akachuchumaa. Akatemea mate pindo la khanga, akaisugua, taratibu, mpaka ikafifia, kama anavyosafisha mtu shati la mtoto anayekwenda shule. "Wasije wakamkata mshahara kijana wa watu," alimwambia Koku. Kisha wakatoka.

*

Sasa sikilizeni palipo na utamu.

Mlango haujajifunga, Desderi aliivua tai akaitupa juu ya gari la bei ghali. Akaivua nyota. Akakimbia! Alikimbia juu ya zulia lile na viatu vyake, akampita askari, akawafikia karibu na kituo cha mafuta, akaanguka miguuni pa mama yake mbele ya wauza maji na mafundi baiskeli. "Shikamoo, mama!" alilia. "Shikamoo, shikamoo, shikamoo!" Akamrudishia ya kwake na za maisha yote. Na Bwana Kandoro, aliyemfuata amfukuze kazi, aliona tukio lile, akamkumbuka mama yake mwenyewe, akakaa chini barabarani akalia kama mtoto. Gari jeupe likatolewa siku ileile. Lilipanda mlimani na king'ora, wanawake wakalitandikia khanga barabarani. Waziri aliposikia akafuta madaraja yote, na bango likaandikwa upya, na zulia likakatwa vipande wakapewa wazazi wawafunikie watoto wachanga.

Hivyo ndivyo ninavyoimalizaga hadithi hii ninapoisimulia saluni, kwa kinyozi Majaliwa, ambako siku za mapumziko tunajazana kungoja zamu. Na inapendwa. Majaliwa huzima mashine ili asikie vizuri. Nimeona wanaume wazima wakijifanya nywele zimewaingia machoni.

Juzi niliimaliza hivyohivyo, na wakapiga makofi. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke muuza karanga, ungo kichwani, wale wanaopita saluni hadi saluni. Nilidhani anangoja wanunuzi. Makofi yalipoisha, akasema:

"Hakukimbia."

"Nani, dada?" nikamuuliza. Nikatabasamu. Hadithi nzuri haikosi mbishi.

"Huyo wa hadithi yako. Hakukimbia popote. Mimi ndiye Koku."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Yeye hakucheka. Akautua ungo.

"Tulivuka barabara tukakaa kivulini," alisema, si kwa ukali. "Ma Kemilembe alisema tusubiri. Alisema, kazini mtu ana mabwana, lakini akitoka kula ni mtu tu, atakuja. Watu wakatoka kula, wakarudi. Akasema basi atakuja wakifunga. Wakafunga. Mimi nilikwenda uani kujisaidia, nikamwona Desderi anaruka mtaro nyuma ya shorum, koti kajifunika kichwani. Sikumwambia Ma. Nadhani alijua. Kwenye basi hakusema kitu mpaka tulipokaribia mtoni, ndipo akanishika mkono: Koku, tukifika useme hatukumkuta. Sema amehamishiwa kwingine, amepandishwa cheo."

"Mkasema?" Majaliwa aliuliza.

"Tukasema. Wanawake wakampigia vigelegele. Kijiji kizima, vigelegele, kwa cheo cha Desderi. Na Ma akiwa katikati, naye anavipiga." Akausogeza ungo kwa mguu hadi ukutani. "Gari hatukupata. Dalali mmoja mjini akazila zile pesa. Mimba yangu ilipofika wakati wake waliniteremsha kwa machela. Mimi nilifika hospitali. Mtoto hakufika. Ma Kemilembe ndiye aliyempokea njiani, ndiye aliyemzika. Na mpaka anakufa, mtu akimuuliza habari za mwanawe, anasema, yuko kwenye kazi kubwa huko, hawampi nafasi."

Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa amenyolewa nusu kichwa na hakudai nusu iliyobaki.

Nilijaribu. Nikasema, "Dada, hadithi ni hadithi. Mtu anaweka sukari kidogo."

"Sijakasirikia sukari," Koku akasema. "Nashangaa jingine. Ufa wa kisigino cha Ma umeujua vipi? Ulipakwa mafuta ndani ya nyumba, usiku, na mtoto mmoja tu."

Nikainama nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Nikamsikia anasogea, kandambili zake zinaburuta kwenye nywele za watu sakafuni. Akasimama mbele yangu.

"Hebu inua uso, kaka," akasema. "Geukia kwenye mwanga nikuone."